Hatua Tatu Kabla ya Mpira: Kazi na Maisha ya Jerry Rice Uwanjani

Siku ya kuchagua wachezaji wapya wa NFL, ligi ya futiboli ya Marekani, mwaka 1985, majina 15 yalisomwa kabla ya jina la Jerry Rice. Wapokeaji wawili, yaani wadakaji wa mpira kama yeye, Al Toon na Eddie Brown, walishachukuliwa. Sababu zilizotajwa zilikuwa mbili. Ya kwanza ni chuo alichotoka, Mississippi Valley State katika mji mdogo wa Itta Bena, ambako wapinzani hawakuwa wa kiwango cha juu. Ya pili ni saa. Kila mpokeaji hupimwa mbio za yadi 40, takriban mita 36 na nusu. Wenye kasi ya kutisha huzimaliza kwa chini ya sekunde 4.4. Rice hakuwahi kukaribia hapo, na timu nyingi zikamhesabu kuwa mzito.

Miaka ishirini baadaye aliacha mchezo akiwa amedaka mpira mara 1,549 kwa yadi 22,895, na kufunga mara 208. Wa pili kwa yadi, Larry Fitzgerald, ana 17,492. Pengo hilo la zaidi ya yadi 5,000 peke yake ni kazi ya miaka mitano mizuri ya mpokeaji hodari.

Naamini saa haikudanganya kuhusu mbio zake. Ilichofanya ni kupima kitu ambacho si kazi yenyewe, na ili kuliona hilo lazima kwanza ijulikane mpokeaji anafanya nini.

Kwa msomaji aliyelelewa na soka, maelezo mafupi. Futiboli ya Marekani ina wachezaji 11 kila upande, katika uwanja wa yadi 100 kwa urefu na 53 na theluthi kwa upana, pamoja na eneo la kufungia la yadi 10 kila mwisho. Timu yenye mpira ina majaribio manne ya kusogea yadi 10. Ikifanikiwa, inapewa manne mengine. Kuufikisha mpira katika eneo la kufungia ni pointi sita. Mrushaji, au kotabeki, husimama nyuma ya ukuta wa walinzi wake na kutafuta wa kumpa. Mpokeaji wa pembeni hukimbia njia iliyopangwa, amwache beki wake, adake, kisha akimbie. Beki naye anaruhusiwa kumzuia kwa mikono ndani ya yadi tano za mwanzo tu. Akimgusa zaidi ya hapo kabla mpira haujarushwa, ni adhabu.

Njia zenyewe si siri. Makocha wengi huzipanga kwa namba kuanzia moja hadi tisa: namba mbili ni mkato mfupi wa kuingia kati, unaoitwa slanti, nne ni kwenda yadi kumi na kitu halafu kusimama na kugeuka, tano ni kutoka nje kuelekea mstari wa pembeni, nane ni kukata kwa ndani kuelekea kwenye nguzo za goli, tisa ni kunyoosha moja kwa moja. Mtoto wa shule ya sekondari huko Texas anazijua zote. Tofauti iko kwenye miguu.

Chukua slanti, njia ambayo mabeki wa miaka ya themanini walijua fika kwamba Rice ataikimbia na bado wakashindwa kuizuia. Tuseme mpokeaji yuko upande wa kulia wa uwanja. Mguu wa ndani, yaani wa kushoto, umewekwa mbele na umebeba karibu uzito wote. Wa kulia uko nyuma kidogo, kisigino kimeinuka. Mpira unapoanza kuchezwa, hatua ya kwanza ni ya mguu wa kulia, ya pili wa kushoto, ya tatu wa kulia tena. Hiyo ya tatu ndiyo ya kukata: mguu unakanyaga nje ya mstari wa bega, goti limekunjwa, vidole vinaelekea mbele, na mwili unasukumwa kuelekea ndani kwa pembe ya takriban nyuzi 45. Wakati huohuo kotabeki amerudi nyuma hatua tatu zake na mkono umeshaanza kurusha. Mpira uko hewani kabla mpokeaji hajaugeukia vizuri. Yote haya hayafiki sekunde mbili.

Sasa tazama yanayoharibika. Kosa la kwanza kwa vijana ni hatua ya uongo: mguu wa mbele unarudi nyuma kidogo kabla ya kuondoka, kwa sababu uzito ulikuwa umekaa kwenye mguu wa nyuma. Robo ya sekunde imepotea, na kotabeki hana habari. Kosa la pili ni kukata kwa duara. Mpokeaji anayezungusha kona badala ya kuikanyaga anampa beki nafasi ya kupenya kati yake na mpira, na hapo mpira unaibiwa huku watazamaji wakimlaumu mrushaji. La tatu ni kupiga hatua nne badala ya tatu. Mpira unafika mahali alipopaswa kuwa, na aliyepo pale ni mlinzi wa katikati. La nne ni macho. Mpokeaji anayetupa jicho upande anaotaka kwenda amekwisha kusema siri yake.

Njia ndefu zina makosa yake. Katika namba nne, ambayo mara nyingi hugeuka kwenye yadi 12, ugumu ni kusimama. Mtu anayekimbia kwa nguvu zote akitaka kusimama ghafla huinua kifua, na mikono huacha kupiga. Beki mzuri hasomi kingine zaidi ya hicho. Kifua kikipanda tu, naye anafunga breki. Dawa yake ni kushusha nyonga huku kifua kikibaki juu ya magoti na mikono ikiendelea kupiga mpaka hatua ya mwisho. Ni kazi ya mapaja na kiuno, na inachosha kuliko mbio zenyewe. Rice alikuwa na kipaji cha kukata kona bila kupunguza mwendo kiasi cha kuonekana, na yadi kumi za mwanzo za njia zake zote zilifanana. Beki hakuwa na kitu cha kusoma. Mtu wa sekunde 4.6 anayekata bila kupunguza anamwacha mtu wa 4.4 anayelazimika kupunguza, na hesabu hiyo haionekani kwenye mbio za kunyoosha.

Aliyeiona mapema alikuwa Bill Walsh, kocha wa San Francisco 49ers. Oktoba 1984, akiwa hotelini Houston usiku wa kuamkia mechi, aliona kwenye televisheni mabao ya kijana wa Mississippi Valley. Kikosi kile, chini ya kocha Archie Cooley na kotabeki Willie Totten, kilikuwa kikicheza bila kukusanyika kupanga kati ya jaribio moja na jingine, wapokeaji wametawanywa uwanja mzima, na kilikaribia wastani wa pointi 60 kwa mechi mwaka ule. Rice alifunga mara 27 kwa kudaka katika msimu huo. Uwanja wa chuo leo unaitwa kwa majina yao wawili, Rice na Totten. 49ers walikuwa mabingwa na nafasi yao ya kuchagua ilikuwa ya 28, mbali mno kwa mtu kama yule kubaki. Wakaitoa nafasi hiyo kwa New England Patriots pamoja na nyongeza, wakapanda hadi ya 16.

Mfumo wa Walsh ulihitaji mtu wa namna hiyo hasa. Ulijengwa juu ya kulinganisha hatua za kotabeki na hatua za mpokeaji: hatua tatu za kurudi kwa njia fupi, tano kwa za kati, saba kwa ndefu. Kotabeki akimaliza hatua yake ya mwisho, mpira lazima utoke. Anarushia mahali, mtu atajileta. Kwa mfumo kama huo, mpokeaji mwenye mbio za ajabu asiyejua kuhesabu hatua ni hasara.

Hata hivyo mwaka wa kwanza ulikuwa mchungu. Rice alidondosha mipira mingi, na mashabiki wa nyumbani wakamzomea. Watu wakashangaa, kwani mikono yake ilisifiwa tangu utotoni. Baba yake alikuwa fundi mwashi huko Crawford, Mississippi, na wavulana walimsaidia kazini. Jerry alisimama juu ya jukwaa akidaka matofali waliyomrushia ndugu zake kutoka chini. Mikono haikuwa na tatizo.

Tatizo lilikuwa kichwani, na kila kocha wa wapokeaji analijua. Kitabu cha mipango cha Walsh kilikuwa kinene, na njia moja ilibadilika kutokana na jinsi mabeki walivyojipanga: wakicheza mtu kwa mtu endelea kukimbia, wakilinda eneo simama kwenye uwazi. Mchezaji anayewaza hayo huku mpira unakuja huuchukua kwa macho nusu. Udakaji wenyewe una kanuni chache tu. Mpira una urefu wa takriban sentimita 28 na uzito wa gramu 400 na kidogo, umechongoka pande zote mbili, na unakuja ukizunguka. Ukija juu ya kifua, vidole gumba hukaribiana na vidole vya shahada hukaribiana, kukiwa na umbo la pembetatu ambalo pua ya mpira inaingia ndani yake. Ukija chini ya kiuno, au ukitokea nyuma juu ya bega, mikono hupinduliwa na vidole vya mwisho ndivyo vinavyokaribiana. Vidole viwe laini, viwiko vimekunjwa kidogo ili kumeza nguvu ya mpira, na mikono itoke kwa kuchelewa, kwa sababu ikitangulia beki anaiona na kuipiga. Macho yafuate mpira mpaka uingie kwapani. Hapo kwenye kipande cha mwisho ndipo mipira mingi inapoangukia: mtu ameshageuza shingo kumtazama anayekuja kumwangusha.

Ukishaingia, unabanwa kwa pointi nne: vidole juu ya ncha ya mbele, kiganja na mkono wa mbele, kwapa, na mbavu. Ukikosekana mmoja, mpigo wa kwanza unautoa.

Disemba 9, 1985, dhidi ya Los Angeles Rams, Rice alidaka mara 10 kwa yadi 241. Msimu uliofuata akafikisha yadi 1,570 na mabao 15. Mwaka 1987, msimu uliokatwa na mgomo wa wachezaji, alicheza mechi 12 tu na akafunga mara 22 kwa kudaka. Rekodi hiyo ilidumu mpaka Randy Moss alipofikisha 23 mwaka 2007, katika mechi 16. Kwangu mimi msimu ule wa 1987 ndio bora kuliko wote wa mpokeaji yeyote, na sioni utakaoupiku kwa kiwango cha mabao kwa mechi.

Kilichobadilika kati ya 1985 na 1986 ni kwamba hatua ziliacha kufikiriwa. Hilo halina njia ya mkato. Linatokana na marudio. Kila alipodaka mpira mazoezini, hata slanti ya yadi nane, Rice alikimbia nao mpaka eneo la kufungia. Wenzake walidaka, wakarudisha mpira, wakarejea kwenye foleni. Mazoea yake yalikuwa na faida mbili za wazi. Kwanza, kudaka na kugeuka kukawa kitendo kimoja, macho yakimaliza kazi yao kabla miguu haijaanza yake. Pili, mapafu. Anayefanya hivyo kwa miezi, robo ya nne ya mechi haimshtui. Katika Super Bowl, fainali ya ligi, ya Januari 1990 dhidi ya Denver Broncos, bao lake la kwanza lilianza kama mpira wa kawaida wa kati. Mlinzi mkubwa Steve Atwater alimgonga, Rice hakuanguka, akaendelea. Alifunga matatu siku hiyo, na mechi ikaisha 55 kwa 10.

Nje ya msimu kulikuwa na kilima. Kiko katika hifadhi ya Edgewood, kusini mwa San Francisco, njia ya vumbi ya takriban kilomita nne inayopanda karibu mwanzo hadi mwisho, na sehemu zake za juu ni kali. Rice aliikimbia pamoja na Roger Craig, mwenzake aliyebeba mipira, kisha mchana akaingia kwenye vyuma. Wachezaji wageni waliojiunga nao walijikuta wakitapika. Kupanda kilima kunafaa kwa mpokeaji kuliko mbio ndefu za tambarare: goti linalazimika kupanda, mguu unakanyaga chini ya mwili badala ya mbele yake, na mshtuko kwenye viungo ni mdogo. Ni misuli ileile inayoshusha nyonga kwenye namba nne.

Wiki ya msimu ina ratiba yake. Mechi Jumapili; Jumatatu mikanda ya video na matibabu; Jumanne mapumziko; Jumatano hadi Ijumaa mazoezi, kila siku ikiwa na sehemu yake ya mpango; Jumamosi kutembea tu kwenye nafasi zenu bila kugongana. Mpokeaji makini hutazama mikanda ya beki mmoja mmoja: anaanza na mguu upi, mkono upi hutangulia kupiga kifua, anageuza nyonga upesi upande gani. Beki anayepiga kwa mkono wa kulia kila mara hupigwa mkono huohuo kifundoni anapounyoosha, na mpokeaji anapita upande ule. Bega la mpokeaji lishuke ili asipate kifua cha kushika.

Jambo moja halisemwi vya kutosha: Rice alipitia makotabeki wawili wakuu wenye mikono tofauti. Joe Montana alirusha kwa kulia. Alipoumia kiwiko mwaka 1991, Steve Young akachukua nafasi, naye ni wa kushoto. Mpira wa mkono wa kushoto huzunguka kinyume, na mwishoni huelekea upande wa pili. Mtu aliyezoea kwa miaka sita kuudaka ukivutia upande mmoja hukuta vidole vyake viko pasipo. Rice alilazimika kujifunza upya kwa mamia ya mipira ya ziada baada ya mazoezi. Na Young alipokuwa akirusha, mwaka 1994, Rice alivunja rekodi ya mabao ya Jim Brown iliyokuwa 126. Januari 1995, dhidi ya San Diego Chargers, alifunga bao la yadi 44 kwenye jaribio la tatu tu la Super Bowl. Msimu uliofuata yadi zake zilikuwa 1,848, rekodi iliyosimama hadi 2012.

Super Bowl inayokumbukwa zaidi ni ya Januari 22, 1989, dhidi ya Cincinnati Bengals. 49ers walikuwa nyuma 16 kwa 13, wako kwenye yadi ya 8 ya upande wao, dakika zimebaki tatu na kidogo. Wakasogea yadi 92. Katikati ya safari hiyo adhabu iliwarudisha nyuma, wakahitaji yadi 20 kwa jaribio la pili, na Rice akadaka kati ya walinzi, akaupeleka yadi 27. Bao la ushindi alifunga John Taylor zikiwa zimebaki sekunde 34. Rice alikuwa na yadi 215 siku hiyo na akatajwa mchezaji bora.

Mwili ulimdai mwaka 1997. Agosti 31, mechi ya kwanza ya msimu huko Tampa, Warren Sapp alimwangusha kwa kumvuta chuma cha kofia huku mguu wa kushoto ukiwa umekanyaga. Kano ya mbele ya goti ikakatika. Hadi hapo hakuwahi kukosa mechi kwa ajili ya jeraha: mechi 189 mfululizo. Kano hiyo hutengenezwa kwa upasuaji, na kipande kilichopandikizwa huhitaji miezi tisa au zaidi kushika na kuwa imara, hata mgonjwa anapojisikia yuko sawa. Rice alirudi baada ya wiki 15. Disemba 15, akicheza na Denver, alidaka bao, akaangukia goti lilelile, na pia ya goti ikapasuka. Msimu ukaisha. Nampenda mchezaji huyu, lakini kurudi kule kulikuwa kosa, na wanaosimulia kurudi huko kama ushujaa wanawapotosha vijana. Ushujaa wake ulikuwa 1998, aliporudi kwa wakati na kudaka mara 82 akiwa na miaka 36.

Kuna doa jingine. Mwaka 2015 alikiri kwenye mahojiano ya televisheni kwamba alipaka gundi kidogo kwenye glavu zake. Gundi ilipigwa marufuku na ligi mwaka 1981, kabla hajaingia. Alidai kila mtu alifanya. Wapokeaji wengine wa zama zake walikanusha. Sioni haja ya kulificha. Gundi ingeweza kusaidia vidole, isingeweza kumwacha beki yadi mbili nyuma, na mtu anayesoma rekodi zake ana haki ya kuyajua yote mawili.

Mwaka 2001 alihamia Oakland Raiders. Mwaka uliofuata, aliotimiza miaka 40 mwezi Oktoba, alidaka mara 92 kwa yadi 1,211 na kufika Super Bowl tena, ambako Tampa Bay Buccaneers waliwashinda 48 kwa 21. Kasi, aliyoambiwa tangu 1985 kwamba hana, ilikuwa imepungua kweli sasa, ila hatua zilikuwa zilezile na kotabeki Rich Gannon alirusha kwa kuzihesabu. Septemba 2004 mfululizo wake wa mechi 274 zenye angalau mpira mmoja uliodakwa ukakatika, na mwezi uliofuata akapelekwa Seattle Seahawks. Namba yake 80 huko ilikuwa imestaafishwa kwa heshima ya Steve Largent, ambaye alimruhusu kuivaa.

Agosti 2005 alikuwa kambini na Denver, miaka 42, akigombea nafasi na vijana waliokuwa watoto alipoanza ligi. Alipoelewa kwamba angekuwa mpokeaji wa nne au wa tano, anayeingia uwanjani mara chache kwa mechi, akatangaza kustaafu kabla msimu haujaanza. Mwaka 2010 akaingizwa kwenye jumba la heshima la mchezo huo huko Canton, Ohio, mara ya kwanza jina lake lilipopigiwa kura.